Mtikisiko wa Ufipa na mvumo wa Rungwe

Mtu akiitazama ramani ya Rukwa kwa haraka, anaweza kuapa kwamba Sumbawanga imejengwa juu ya moto. Magharibi ardhi imeporomoka hadi Ziwa Tanganyika. Mashariki imekatika ghafla kwenye ukingo wa Lyamba lya Mfipa na kushuka hadi bonde la Ziwa Rukwa. Katikati umebaki uwanda wa Ufipa, ulioinuliwa hadi karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari pale mji ulipo, na kupanda zaidi kwenye milima ya Mbizi. Kaskazini, upande wa Mpimbwe, kuna chemchemi zilizoupa mji wa Majimoto jina lake. Bondeni Rukwa yanatoka mapovu yenye gesi ya heli, habari iliyotangazwa duniani mwaka 2016. Na kusini-mashariki, kwenye bonde la ufa hilohilo, iko Rungwe, ambayo ni volkeno hasa. Ardhi ikitikisika, ni haki ya mwananchi kuuliza kama kuna kitu kinachoamka huko chini. Jibu langu ni kwamba Ufipa hutikisika kwa sababu mwamba wake unakatika, wala hakuna magma inayopanda chini yake. Lakini jibu hilo lina sehemu ya pili, na ndiyo inayotetewa na makala haya: kazi ya kuisikiliza volkeno ya Rungwe haitakamilika mpaka viwekwe vipimatetemeko vya kudumu hapa Ufipa, mahali pasipo na volkeno yoyote.

Tuanze na mwamba. Tarehe 13 Desemba 1910, eneo hili lililo kati ya maziwa mawili lilipigwa na tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4, ambalo mpaka leo linahesabiwa kuwa kubwa kuliko yote yaliyopimwa kwa vyombo katika Afrika Mashariki. Uwanda wenyewe umekatwa na mpasuko wa Kanda, unaokadiriwa kuwa na urefu wa kilomita 180 na unaopita karibu na Sumbawanga. Wanajiolojia Eutizio Vittori, Damien Delvaux na François Kervyn waliueleza mwaka 1997 kuwa chanzo kikuu cha matetemeko magharibi mwa bonde la Rukwa, na baadaye Delvaux aliendelea na kazi hiyo akiwa na wenzake, miongoni mwao Mtanzania Athanas Macheyeki. Kinachoonekana juu ya ardhi ni ukuta mrefu wa udongo na mawe ambao mahali pengine unafika makumi ya mita kwenda juu, na ukuta kama huo haujengwi na tetemeko moja. Ni deni la maelfu ya miaka, linalolipwa kwa mikupuo. Hakuna koni ya volkeno juu ya uwanda, hakuna kasoko, hakuna lava changa. Mawe yaliyopo ni ya ukanda wa Ubende, yenye umri wa karibu miaka bilioni mbili, magumu na yaliyokwisha kupoa zamani sana.

Chemchemi za moto hazibadilishi hukumu hiyo. Maji ya mvua yakizama kilomita chache kupitia nyufa, hukuta joto la kawaida la kina cha dunia na kurudi juu yakiwa yanachemka, bila kuwa yamegusa magma hata tone. Heli nayo huzaliwa taratibu ndani ya mawe ya kale, urani na thori zinapooza. Watafiti waliotangaza habari ya Rukwa walieleza kwamba joto la volkeno za karibu ndilo lililoikamua gesi hiyo kutoka kwenye mawe, kwa hiyo huenda Rungwe ina mkono wake hapo, lakini mkono wa jirani si mkono wa mwenye nyumba. Kuna jambo moja tu linaloweza kumchanganya hata mtaalamu. Mwaka 1996 Thierry Camelbeeck na Iranga walionyesha kwamba matetemeko kando ya bonde la Rukwa hutokea pia kwenye kina kirefu cha ganda la dunia, chini kabisa ya kina ambacho mabonde mengi ya ufa huwa nacho. Chini ya volkeno, mitetemo ya kina kirefu mara nyingi huchukuliwa kuwa dalili ya magma inayosogea. Hapa kwetu kina kirefu kinaeleza tu kwamba ganda ni baridi na imara kiasi cha kuweza kuvunjika hata huko chini. Kina peke yake hakitofautishi tetemeko la kawaida na pumzi ya volkeno. Inabidi kutazama umbo la mtetemo wenyewe.

Mwamba unapokatika, mtetemo huanza kwa mshtuko mkali. Wimbi la kwanza hufika, la pili hulifuata likiwa na nguvu zaidi, na nishati nyingi ya tetemeko dogo huwa kwenye masafa ya juu, mitetemo mitano hadi thelathini kwa sekunde. Kisha hufifia. Volkeno nayo huwa na matetemeko ya namna hiyo, lakini ina pia aina nyingine: mtetemo unaoanza kwa kujivuta, usio na wimbi la pili linaloonekana wazi, unaovuma kwa masafa ya chini, kati ya nusu na tano kwa sekunde, na unaoendelea kuvuma kwa sekunde nyingi baada ya kile kilichouanzisha kwisha. Sikio la binadamu haliusikii, kwa kuwa uwezo wetu huanzia karibu mitetemo ishirini kwa sekunde. Mwanajiofizikia Bernard Chouet, aliyefanya kazi Marekani kwa miaka mingi, ndiye aliyeupa mtetemo huo maelezo yanayotumika zaidi. Katika kazi zake za miaka ya 1980 alitengeneza modeli ya ufa wenye majimaji au gesi ndani ya mwamba. Shinikizo likibadilika ghafla mahali fulani ndani ya ufa, mawimbi hukimbia huku na huku kati ya ncha zake, na kwa sababu kuta za ufa hutanuka na kurudi, mawimbi hayo huenda polepole kuliko sauti inavyokwenda kwenye majimaji yaleyale yakiwa peke yake. Ndiyo maana ufa wa mita mia chache unaweza kutoa mvumo mzito kiasi hicho.

Mapovu huongeza uzito wa mvumo huo, na jambo hili anaweza kulipima mtu yeyote mezani. Mimina soda kwenye glasi ya vioo vinene na uigonge kwa kijiko wakati povu bado linachemka ndani: mlio huwa mzito na mfupi. Ngoja povu litulie, gonga tena mahali palepale: mlio umepanda na unadumu zaidi. Glasi haikubadilika. Kilichobadilika ni kasi ya sauti ndani ya kinywaji, maana asilimia chache za mapovu zinatosha kuishusha kutoka takriban mita 1,500 kwa sekunde hadi karibu mita 100. Mfano huu una haki ya kutumika katika nchi hii kuliko kwingine, kwa sababu gesi ya kaboni dayoksaidi inayouzwa na kampuni ya TOL kwa viwanda vya vinywaji huvunwa kwenye visima vya Rungwe, karibu na volkeno ya Kyejo. Magma ikipanda, shinikizo linapungua, gesi iliyoyeyuka ndani yake inatoka na kuwa mapovu, na mvumo unabadilika. Anayeweza kuusoma mvumo anaweza, kwa nadharia, kusoma kiasi cha gesi kilichomo kwenye bomba la volkeno asiloweza kulikaribia.

Kwa nadharia. Hapa ndipo msomaji anapaswa kuwa na mashaka, na mashaka yake yana msingi wa hesabu nyepesi. Chukua mtetemo mmoja kwa sekunde. Kama mawimbi ndani ya ufa yanakwenda mita 300 kwa sekunde, ufa unaovuma hivyo una urefu wa takriban mita 150. Kama yanakwenda mita 1,000, urefu ni mita 500. Rekodi ya kipimatetemeko ni ileile katika hali zote mbili. Ufa mfupi uliojaa povu na ufa mrefu uliojaa majimaji mazito hutoa jibu moja, na hakuna kompyuta inayoweza kuvitenganisha kwa masafa pekee. Wataalamu hutafuta msaada kwenye namna mvumo unavyofifia, kwa kuwa gesi na majimaji tofauti humeza nishati kwa kiasi tofauti. Jürgen Neuberg wa Chuo Kikuu cha Leeds, aliyeichunguza kwa miaka mingi volkeno ya Soufrière Hills katika kisiwa cha Montserrat, alionyesha pamoja na wenzake kwamba magma nzito yenye mapovu humeza nishati kwa kasi kubwa, hivyo modeli isiyohesabu umezaji huo itadanganya. Pia walitoa hoja kwamba kinachouanzisha mvumo huenda ni magma yenyewe kuvunjika kwenye kuta za bomba inapolazimishwa kupita, kwani jiwe la moto likisukumwa kwa haraka hukatika kama jiwe baridi. Katika Montserrat maelezo hayo yalikuwa na ushahidi wa aina nyingine kando yake: mwaka 1997 vyombo vya kupima mwinamo wa mlima vilionyesha ukivimba na kunywea kwa mizunguko ya saa kadhaa, na makundi ya mitetemo ya masafa ya chini yalikuja pamoja na uvimbe. Modeli ilipata nguvu kwa kuwa haikuwa peke yake.

Rekodi ya sayansi hii duniani ni ya mchanganyiko, na anayeitetea hana budi kuitaja yote. Mlima Redoubt wa Alaska ulilipuka tarehe 14 Desemba 1989 baada ya kundi la mitetemo ya masafa ya chini lililoanza takriban siku moja kabla, na kwa kufuata dalili za aina hiyo kituo cha mafuta kilichokuwa chini ya mlima kiliondolewa watu kabla ya mlipuko mkubwa wa 2 Januari 1990. Desemba 2000 makumi ya maelfu ya watu walihamishwa kando ya Popocatépetl nchini Meksiko kabla ya mlipuko. Lakini tarehe 14 Januari 1993, mlima Galeras wa Kolombia uliwaua wanasayansi sita na watalii watatu waliokuwa kwenye kasoko yake, ingawa kwa wiki kadhaa vyombo vilikuwa vimeandika mitetemo michache mirefu yenye kufifia taratibu, ya aina ambayo leo hutiliwa maanani sana. Ilikuwa michache mno kumtisha kila mtu, na wataalamu hawakukubaliana maana yake.

Karibu nasi zaidi kuna Nyiragongo, na huyu ndiye shahidi anayeitwa mara nyingi na wanaoibeza kazi hii. Januari 2002, kituo cha uangalizi wa volkeno cha Goma kilikuwa na vyombo vichache mno, lakini kwa vyombo hivyo wataalamu wake waliona ongezeko la mitetemo, ikiwemo ya masafa ya chini, kabla lava haijaingia mjini tarehe 17. Miaka kumi na tisa baadaye, kukiwa na mtandao wa kisasa zaidi, mlima ulipasuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021 na dalili za wazi za mitetemo zilianza chini ya saa moja kabla ya lava kutoka. Delphine Smittarello na wenzake walilieleza tukio hilo mwaka 2022 kuwa mpasuko wa mlima wenyewe uliotokea bila viashiria vya siku au wiki zilizotangulia. Je, hilo halithibitishi kwamba kusikiliza volkeno ni kupoteza muda? Halithibitishi, kwa sababu Nyiragongo ilikuwa na ziwa la lava wazi kasokoni. Magma ilikuwa imeshafika juu, bomba limefunguka, gesi inatoka usiku na mchana. Hapakuhitajika shinikizo jipya kutoka chini, ilitosha ukuta kuachia. Modeli za ufa na bomba zinafaa zaidi pale njia ilipoziba na magma inalazimika kujifungulia. Swali la maana kwetu ni Rungwe iko upande gani.

Rungwe, wenye kimo cha karibu mita 2,960, ulilipuka vibaya miaka 4,000 hivi iliyopita. Karen Fontijn na wenzake walilipima tabaka la mawe mepesi lililoachwa na mlipuko huo na kugundua jambo la kushangaza, kwamba lilisambaa pande zote karibu sawasawa, kana kwamba siku ile hapakuwa na upepo. Majivu ya volkeno za huko yamo pia kwenye mashapo ya Ziwa Malawi. Ngozi, ambayo leo watalii huijua kwa ziwa lake la kasoko, nayo ililipuka, pengine ndani ya miaka elfu moja iliyopita. Kyejo ilitoa lava mara ya mwisho karibu mwaka 1800, mtiririko unaoitwa Sarabwe, na tarehe hiyo ilipatikana kwa sehemu kutokana na kumbukumbu za wazee wa pale. Hakuna ziwa la lava, hakuna bomba lililo wazi. Kuna gesi inayotoka, kuna chemchemi, kuna mradi wa jotoardhi Ngozi unaoendelezwa na kampuni ya taifa ya TGDC, na kuna wakulima wa chai, ndizi na viazi waliojaa kwenye miteremko yake kuanzia Tukuyu hadi Busokelo. Hii ni volkeno ya njia iliyoziba, yenye magma ya aina inayolipuka. Kama kuna mahali Tanzania ambapo mitetemo ya masafa ya chini inaweza kutoa onyo la siku au wiki, ni hapo. Ol Doinyo Lengai, uliolipuka Septemba 2007 baada ya miezi ya matetemeko upande wa Gelai, husikilizwa zaidi na watafiti kwa sababu ya lava yake ya ajabu, lakini ukihesabu watu walio chini ya mlima, Rungwe ndio unaopaswa kutukosesha usingizi.

Sasa turudi Ufipa, maana pingamizi kubwa kuliko yote kwa modeli hizi linaelekeza huku. Mwaka 2014 Christopher Bean na wenzake walichapisha matokeo kutoka volkeno za Etna, Turrialba na Ubinas yanayosema kwamba mitetemo mingi ya masafa ya chini inayorekodiwa karibu na vilele haihitaji majimaji wala gesi kabisa. Udongo na mawe laini ya juu ya volkeno, wakasema, hukatika polepole, na mkatiko wa polepole hutoa mtetemo mzito. Nguvu ya hoja hii ni kwamba inaweza kupimwa, na imeungwa mkono na jambo ambalo kila mwanafunzi wa mawimbi analijua: tabaka laini humeza masafa ya juu na kuacha ya chini yapite. Tetemeko la kawaida kabisa, la mwamba uliokatika kwa ukali, likipita kwenye kilomita kadhaa za mashapo laini linaweza kufika kwenye chombo likiwa limenyolewa ukali wake wote, likaonekana kama mvumo wa volkeno. Mtaalamu akilitia kwenye modeli ya Chouet, modeli haitakataa. Itampa urefu wa ufa, kiasi cha gesi na kasi ya mawimbi, vyote vya kitu ambacho hakipo.

Bonde la Rukwa limejaa mashapo ya namna hiyo, kilomita kwa kilomita, na liko kwenye ufa uleule unaokwenda hadi Rungwe. Tetemeko lililotokea chini ya bonde na kupimwa upande wa Mbeya linaweza kuvaa sura ya volkeno. Lakini tetemeko hilohilo likipimwa juu ya Ufipa, kwenye mwamba mgumu wa Ubende ambao hupitisha masafa ya juu bila kuyameza sana, litafika na ukali wake. Hapo ubishi unakwisha: mtetemo uliokuwa mkali Mbizi na mzito Mbeya umechakachuliwa njiani. Mtetemo uliokuwa mzito kila mahali, hata kwenye mwamba safi, ndio unaostahili kutiwa kwenye modeli ya bomba. Ufipa inafaa kuwa kipimo kwa sababu ni ngumu, ni ya kale na haina volkeno. Ukimya wake wa kivolkeno ndio thamani yake.

Msomaji makini atasema kwamba Sumbawanga iko zaidi ya kilomita 250 kutoka Rungwe, na mtetemo mdogo wa volkeno hufifia ndani ya makumi ya kilomita. Ni kweli, na hakuna mwenye akili timamu atakayependekeza kuilinda Tukuyu kwa chombo kilichowekwa Mbizi. Vyombo vya kuusikiliza mlima lazima viwe mlimani. Kazi ya kile cha Ufipa ni kuchuja matetemeko ya bonde lote la ufa yasihesabiwe kuwa ya Rungwe, na kuupima umezaji wa mashapo ya Rukwa mara kwa mara, kwa kila tetemeko litakalotokea. Kazi hiyo haihitaji volkeno ifanye kitu chochote. Inaweza kuanza leo.

Kuna ugumu wa pili usiozungumzwa sana. Maziwa makubwa yanapochapwa na upepo hutikisa ardhi ya kando yake kwa mitetemo yenye muda wa karibu sekunde moja, yaani masafa yaleyale tunayoyatafuta kwenye volkeno. Ufipa iko kati ya Tanganyika, lenye kina kirefu, na Rukwa, lenye kina kifupi sana ambalo maji yake husogea mbele na kurudi nyuma kulingana na mvua za miaka. Ongeza malori ya barabara ya Tunduma kwenda Sumbawanga na Mpanda, mashine za kusaga mahindi, na upepo wa kiangazi unaopiga uwanda usio na miti mingi. Anayeweka chombo kwa miezi sita tu hawezi kujua kama mvumo wa Julai ni wa ziwa au wa jambo geni. Anayekiacha kwa miaka kumi ataujua mvumo wa Julai kama mkulima anavyojua siku za kwanza za mvua.

Na hapa nakubaliana nusu na wale wanaosema fedha ziende kwanza kwenye nyumba. Nyumba za miti na nyasi za mwaka 1910 zilisamehe mengi. Kuta za tofali za leo, zikiwa hazina nguzo wala mkanda wa zege, hazisamehi. Tetemeko la Bukoba la 10 Septemba 2016 lilikuwa dogo mara nyingi kuliko lile la Rukwa, na bado liliua watu na kuangusha nyumba na shule. Kwa hatari ya Ufipa yenyewe, hakuna modeli ya masafa ya chini itakayosaidia, kwa sababu mpasuko wa Kanda hautatoa onyo linalosomeka. Mwamba hukatika siku unapokatika. Mtu anayewaambia wananchi wa Sumbawanga kwamba vipimatetemeko vitawatabiria tetemeko anawadanganya. Lakini bajeti ya ujenzi bora na bajeti ya vyombo vichache haziko kwenye mizani moja. Takwimu za kipimatetemeko cha kudumu ndizo zinazompa mhandisi kiwango cha mtikisiko anachopaswa kujengea. Bila hizo atajenga kwa namba za kuazima kutoka nchi nyingine.

Pingamizi linaloniuma zaidi linahusu umiliki. Vyombo vimeshakuja. Mwaka 1994 na 1995 Andrew Nyblade na wenzake waliendesha mtandao wa muda wa vituo karibu 20 nchini Tanzania. Kati ya 2013 na 2015 mradi wa kimataifa wa SEGMeNT uliweka vyombo kuzunguka kaskazini mwa Ziwa Malawi na Rungwe, na matokeo yake yalionyesha mawimbi yakipita polepole chini ya volkeno hizo, dalili ya joto kali huko chini. Kazi nzuri. Kisha vyombo vikafungashwa. Picha ya ardhi ilibaki, lakini mfululizo wa rekodi ulikatika, na volkeno haisomwi kwa picha moja. Goma wanajua gharama ya mkatiko wa aina nyingine: miezi kadhaa kabla ya Mei 2021, msaada wa fedha ulipokwisha, kituo kilishindwa kulipia hata intaneti ya kupelekea data za vyombo vyake. Siwezi kusema mlipuko ungetabirika laiti intaneti ingekuwapo. Kwa yale yaliyotajwa hapo juu, pengine usingetabirika. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyepewa nafasi ya kujua.

Rekodi ndefu huwa na faida isiyoweza kuandikwa kwenye ombi la fedha. Tarehe 11 Novemba 2018, mchana wa saa za Afrika Mashariki, vyombo vya dunia nzima viliandika mawimbi mazito mno, wimbi moja kwa kila sekunde 16 hivi, yaliyodumu dakika zaidi ya ishirini na ambayo hakuna binadamu aliyeyahisi. Yalitoka karibu na Mayotte, kwenye visiwa vya Komoro, ambako matetemeko yalikuwa yameanza Mei mwaka huo. Simone Cesca na wenzake waliyaeleza kuwa mvumo wa hifadhi ya magma iliyo kina kirefu ikiwa inajimwaga, na mwaka 2019 meli za utafiti zilikuta volkeno mpya chini ya bahari, umbali wa kilomita 50 hivi mashariki mwa kisiwa, yenye kimo cha zaidi ya mita 800. Ilipewa jina la Fani Maoré. Modeli ileile ya majimaji yanayovuma ndani ya mwamba, iliyotungwa kwa nyufa za mita mia chache, ilisaidia kuliona jambo la kilomita nyingi chini ya sakafu ya bahari. Iliwezekana kwa kuwa vyombo vilikuwa vimeachwa vikifanya kazi mahali ambapo hakuna aliyetarajia kusikia chochote.

Kwa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini (GST) na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mahali pa kuanzia hapahitaji mradi mkubwa. Chombo kimoja kiwekwe kwenye mwamba wa Mbizi, mbali na barabara. Kingine kiwe bondeni upande wa Muze, juu ya mashapo, chini ya ukingo wa Lyamba. Tetemeko litakalofuata chini ya Rukwa, hata dogo lisilomwamsha mtu, litaandikwa na vyote viwili ndani ya sekunde chache. Tofauti kati ya rekodi hizo mbili ni kiasi cha masafa ya juu kinachomezwa na bonde, na namba hiyo inapaswa kuwa ndani ya kila modeli ya Rungwe kabla mtu yeyote hajaandika kwamba mlima umevuma.